Mwalimu wa Faili Moja

Mara ya kwanza kumwona Mwalimu alikuwa chini ya meza, miguu nje, akibishana na printa. Nasema akibishana kwa sababu alikuwa akinyamaza kidogo baada ya kila neno ili nayo ipate nafasi ya kujibu. Nilikuwa mwanafunzi mpya katika chuo cha ufundi hapa mjini Machakos, nimetumwa maabara ya kompyuta kuandikishwa. Nikabisha hodi. Sauti ikatoka chini ya meza: "Ingia, lakini usiguse kitu." Hayo ndiyo yaliyokuwa makaribisho yake kwa kila mtu, kuanzia wanafunzi hadi wakaguzi waliotoka Nairobi na magari ya vioo vyeusi, na sina shaka malaika wa mwisho naye atakaribishwa vivyo hivyo.

Tulimwita Mwalimu tu. Chuo kilikuwa na walimu wengi, wa uashi, wa umeme, wa ushonaji, lakini ukisema "Mwalimu" bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema yule mwenye shati lililochomekwa upande mmoja na uzi shingoni. Kwenye uzi huo alining'iniza rozari na flashi, pamoja. Flashi ilikuwa na nakala ya faili. Padri wa parokia aliwahi kumwuliza ni ipi kati ya hizo mbili anayoitegemea saa ya shida, na Mwalimu, mtu asiyejua kudanganya, akamjibu kwamba inategemea shida.

Faili lenyewe lazima nilieleze, kwa maana bila faili hakuna Mwalimu. Kompyuta za watu wengine ni kama boma la urithi, kila ndugu ameficha chake pembeni. Mpangilio wa saa uko huku, wa printa uko kule, wa mtandao hakuna anayekumbuka ulipo, na siku kitu kikiharibika mnaanza kutafutana. Mwalimu hakuutaka upuuzi huo. Kompyuta zake ziliendeshwa na mfumo uitwao Linux, tena wa aina ile ambayo kila kitu kinachotakiwa kuwa ndani ya mashine kimeandikwa katika faili moja. Unataka printa? Iandike. Unataka saa ifuate Nairobi? Andika. Kuna mwanafunzi mpya? Andika jina lake. Halafu unaiamuru mashine ijijenge upya, nayo inasoma faili kutoka juu hadi chini na kuwa vile ilivyoandikiwa, haizidishi wala haipunguzi. Faili liliishi katika kompyuta moja kuukuu pembeni mwa maabara, tuliyoiita mashine mama, na zile nyingine zote zilifuata neno lake. "Kama haiko kwa faili," Mwalimu alipenda kusema, "haiko duniani."

Kila ujenzi ulihifadhiwa, na jina lake lilikuwa kizazi. Ukiharibu kitu, hakuna kulia. Unazima, unawasha, unachagua kizazi kilichotangulia, na kosa lako linakuwa kama halikutendeka. Jambo hili lilimharibu Mwalimu akili kuhusu mambo mengine yote. Serikali ikitangaza kodi mpya, yeye husema turudi kizazi cha nyuma. Kinyozi akimnyoa vibaya, hivyo hivyo. Katika harusi moja kule Matuu alipewa kipaza sauti awape maharusi wosia, akawashauri wahifadhi kizazi cha kabla ya ndoa, kwa usalama. Mama wa bibi harusi aliinuka mwenyewe kwenda kumpokonya kile kipaza sauti.

Juu kabisa ya faili palikuwa na mstari tuliouita mstari wa mzizi. Huo ndio uliosema ni nani mwenye ruhusa ya kuligusa faili lenyewe. Mstari ulikuwa na jina moja, lake. Mimi nilipomaliza masomo niliajiriwa papo hapo kuwa msaidizi wake, nikakaa naye miaka mingi katika maabara ile, na miaka hiyo yote nilitaka kitu kimoja: jina langu liwekwe kwenye mstari huo kando ya lake. Sikutaka cheo. Nilitaka siku moja asiwepo, printa igome, nami niitengeneze bila kumpigia simu akiwa msalani.

Hata kuingia tu kwenye faili kama mtumiaji wa kawaida kulinitoa jasho. Sisi Wakamba tunarithisha majina. Mtoto wa kwanza wa kiume ni babu yake, wa kike ni susu yake, yaani nyanya yake, na ndugu wanne wakizaa utapata binamu wanne wenye jina moja wakigombania kigoda kimoja. Faili halikubali jina mara mbili. Linagoma kujenga, linaandika kwa wekundu kwamba huyu ameshatajwa. Mwalimu, ambaye ni Mkamba kama sisi, alilitatua jambo hilo kama mkoloni: alitia namba. Tukawa na mutua1, mutua2, mutua3, na kina Mwende nao wakapanga foleni yao.

Siku moja mama mmoja alikuja kutoka Yatta akiwa amemshika mwanawe mkono, kijana mwenye ndevu.

"Huyu ni babake mzee wangu," akasema. "Tulimpa jina la babake. Sasa wewe umemfanya wa saba. Kwani wa kwanza ni nani?"

"Si mambo ya ukubwa, mama," Mwalimu akamweleza. "Ni vile walifika."

"Kwa hivyo baba mkwe wangu alichelewa?"

 Mwalimu aliagiza chai.

Mimi jina langu ni Syombua, na marehemu mamake Mwalimu alikuwa Syombua. Kwa mila zetu, mwanamume humwita mwaitu, yaani mama yangu, mtoto yeyote aliyebeba jina la mamake, hata kama ni wa kunyonya, na Mwalimu aliipanua mila hiyo hadi kwa wanafunzi. Bahati mbaya Syombua mwingine wa idara ya upishi alikuwa amenitangulia kwenye faili. Mwalimu akaandika syombua, akaangalia kibodi, akaangalia ile namba mbili, akatoa mkono. "Aiee," akasema. "Siwezi kumpa mamangu namba." Kwa majuma mawili nikatumia akaunti ya wageni huku yeye akitafakari. Mwishowe akaandika mwaitu, na hilo ndilo likawa jina langu katika mashine zote, kisha katika chuo chote. Nilikuwa msichana mdogo, lakini hata bawabu alinisalimu kwa kuinama kidogo.

Usidhani umama huo ulinipa heshima yoyote ndani ya maabara. Hakuna mama aliyewahi kutumwa na mwanawe kama nilivyotumwa mimi. Mwaitu, leta waya. Mwaitu, panda juu ya meza. Mwaitu, nyamaza nihesabu. Lakini nilipouomba mstari wa mzizi, mila ilirudi mbio. "Mtu hapei mamake kazi," alinijibu akinikabidhi ufagio. "Mwacha mila ni mtumwa, Mwaitu. Hapo kwa dirisha kuna vumbi."

Mganga hajigangi. Mtu huyu wa kuweka kila kitu mahali pamoja alikuwa na simu tatu na hakuna aliyejua ipi iko hai. Miwani yake ilisambaa katika maabara nzima, moja ilikuwa haina kioo na ndiyo aliyoipenda zaidi. Sukari ya chai aliificha sehemu nne tofauti kwa sababu alimshuku mwalimu wa uashi, na nyakati za mtihani tulikunywa chai chungu kwa kuwa sehemu zote nne alikuwa amezisahau. Funguo za maabara alizitafuta kila asubuhi mbele ya darasa zima, akijipapasa mwili kama askari anayemsachi mwizi, huku akitueleza kwamba tatizo la dunia ni watu kukosa utaratibu.

Kwenye kwaya ya parokia walimpa kazi ya kukitunza kile kinanda cha umeme. Akakuta kila wimbo una sauti yake ya kuanzia, akaona ni vurugu. Akaweka sauti moja kwa nyimbo zote. Jumapili ya Pasaka kina mama wa sauti ya kwanza walipanda hadi mahali ambapo hata ndege wa vilima vya Iveti hawafiki, na wanaume wa besi walibaki kufungua midomo tu. Padri alivumilia hadi ubeti wa pili. Mwalimu alitoka ibadani akiwa na furaha, akaniambia kwamba kwa mara ya kwanza kwaya nzima imekosea kwa usawa.

Hilo la kukosea pamoja lilikuwa imani yake kamili. Kengele ya chuo ililia kwa amri ya mashine mama. Siku moja alikuwa akijaribu kitu kwenye mstari wa saa, akaacha pale jina la mji mmoja wa Arabuni, unaotutangulia kwa saa moja, badala ya Nairobi, akajenga, akaenda kunywa chai. Asubuhi yake tuliamshwa gizani. Saa ya chakula ilipolia, wapishi walitoka nje kushangaa, maharagwe yalikuwa bado yanagonga sufuria. Tulikula hivyo hivyo. Kengele imesema, nani abishe? Mwishowe ni Msomali mwenye duka la vifaa vya umeme mkabala na lango, ambaye alifuata saa ya msikiti na si ya Mwalimu, aliyevuka barabara kuuliza kwa upole kama chuo kimehama.

Mkuu wa chuo wa wakati huo alimwita ofisini, nami nikaandamana kumbebea kompyuta.

"Mwalimu, umetuaibisha. Watu wamekula maharagwe mabichi."

"Wamekula wote," Mwalimu akasema. "Sasa fikiria kila idara ikiwa na saa yake. Nusu wangekula mabichi na nusu wangekula yaliyoiva. Hapo ndiyo vita huanza."

Mkuu alifikiria kidogo, akaiandika pembeni mwa gazeti lake. Juma lililofuata nilimsikia akiitumia hoja hiyo katika mkutano wa walimu kueleza kwa nini hakuna idara itakayopata karatasi.

Nyumbani kwake Kithimani alikokwenda kila mwisho wa wiki, alijaribu kuleta utaratibu huo jikoni. Aliandika faili la nyumba. Muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa uchemshwe kwa muda gani, kuku wafunguliwe lini, chumvi kiasi gani, yote yalikuwa humo, na mtu akitaka kubadilisha alitakiwa kumwambia kwanza yeye ili abadilishe faili. Mkewe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha, alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akaongeza chumvi. Mwalimu akaonja, akamwambia hayo ni mabadiliko ya mkono, kwamba yatafutika ujenzi ujao. "Chumvi haiombi ruhusa," mkewe akamjibu, "na ujenzi ujao utajijengea wewe mwenyewe na sufuria yako." Faili la nyumba halikuishi zaidi ya kizazi kimoja.

Nimemcheka vya kutosha, sasa niseme ukweli mwingine. Likizo moja ya Desemba wezi walivunja maabara. Walibeba karibu kila kitu, hata mapazia, na hata mashine mama hawakuiacha. Tulipofungua tulikuta meza na nyaya tu. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa na mtihani wa vitendo, kazi zao zote zilikuwa kwenye mashine zilizoibwa, na kuna waliokaa chini sakafuni wakalia.  Mwalimu alivuka barabara hadi kwa yule Msomali, wakakaa kwenye viti vya plastiki wakinong'onezana, akarudi na mkokoteni wa kompyuta kuukuu za aina zote, nyingine hazina hata vifuniko. Akavua uzi shingoni. Alichomeka flashi kwenye ya kwanza, ndiyo iliyokuwa mashine mama mpya, akaamuru, akasogea kwa ya pili. Alasiri ile ile kila mashine ilikuwa kama ile ya awali, na majina yote, na printa, hata ile picha ya vilima vya Iveti iliyopamba kioo. Kazi za wanafunzi zilikuwa humo pia, kwa kuwa miaka mingi nyuma aliandika mstari mmoja wa kuzinakili kila jioni kwenda mahali pengine nje ya maabara, na hakumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Siku hiyo nilimpenda kama mzazi. Nikamwomba tena mstari wa mzizi. Akaniambia, "Mwaitu, angalia vile mikono yangu inatetemeka. Leo si siku ya kuniuliza maswali magumu." Nikamwachia siku hiyo. Kesho yake mikono ilikuwa imetulia na jibu lilikuwa ni ufagio.

Nilikuja kuelewa polepole, na kuelewa kuliniudhi zaidi. Alichohubiri ni kwamba ukiandika kila kitu mahali pamoja, kazi haimtegemei mtu. Hata mwandishi akigongwa na lori pale Mlolongo, mwingine atasoma faili na kuendelea. Alihubiri hivyo kila muhula, mfano ukiwa ni lori lile lile. Na kwa miaka yote hiyo hakumruhusu mtu yeyote aandike hata nukta. Dunia nzima ilikuwa kwenye faili, na ufunguo wa faili ulikuwa kwenye kichwa cha mzee aliyesahau sukari aliiweka wapi.

Akastaafu. Tulimfanyia sherehe, tukampa blanketi na jembe, mkuu mpya wa chuo akasoma hotuba kuhusu pengo lisilozibika. Mwalimu alishukuru akaketi, na Jumanne iliyofuata akarudi kazini. Alikuja kila Jumanne kutoka Kithimani, kama daktari wa zamu, akafungua faili, akaongeza majina yaliyongoja, akafunga, akaondoka na nenosiri lake. Mkuu mpya hakujua kama amfukuze au amlipe, kwa hiyo hakufanya lolote.

Halafu Jumanne zikaanza kukosa Mwalimu. Mkewe alinipigia akasema ni macho, mtoto wa jicho, yote mawili, na mzee anaogopa upasuaji. Kwa muda tuliendelea vizuri, maana mashine za Mwalimu hazikuharibika. Lakini muhula mpya ulifungua, wanafunzi wapya wakaja, na hakuna wa kuwaandika. Wote wakaingia kwa ile akaunti ya wageni. Darasa zima, jina moja, kabati moja. Wakafutiana kazi, wakanakiliana, na msichana mmoja wa hesabu za biashara akakabidhi insha ya uashi na kupita.

Mkuu akaniita.

"Mfumo unaotegemea mzee wa Kithimani si mfumo," akasema. "Hiyo ni uchifu. Ikifika Ijumaa hawa watoto hawana akaunti zao, nitaleta watu wa vyuma vikuukuu wabebe hizo mashine zote. Tutanunua zingine za kawaida, za kubofya bofya."

"Nipatie hadi Ijumaa," nikamwambia.

Ningeweza kuvunja. Mtu aliyefika mbele ya mashine yenyewe anaweza kuingia kwa mlango wa nyuma, na aliyenionyesha mlango huo ni Mwalimu mwenyewe, somo la kwanza la usalama. Usiku mmoja ungenitosha. Lakini kuingia katika faili la Mwalimu kwa nyuma kungekuwa sawa na kumsachi mzee mfukoni akiwa amelala, na nilikuwa nimengoja miaka mingi mno kuingia kwa mbele. Nikaizima mashine mama, nikaifunga kwa leso, nikanunua sukari na mkate na unga wa kupeleka, nikaenda Kithimani.

Mkewe alinipokea ua ukiwa umefagiwa. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye kiti nje ya mlango, uso umeelekea barabara asiyoiona.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mwalimu. Mwaitu."

"Uko na mtu?"

"Niko na mashine mama."

Akainuka upesi kuliko nilivyotarajia. "Amesafirije? Hamkumgonga gonga? Ile feni yake ya nyuma bado inalia?" Mimi hakuniuliza kitu. Nilimwekea mashine mapajani, akaipapasa kutoka juu hadi chini, akapitisha kidole kwenye matundu ya hewa, akakinusa. "Hamfagii," akasema.

Nikamweleza yote, akaunti ya wageni, insha ya uashi, watu wa vyuma vikuukuu, Ijumaa. Nilimweleza bila kupunguza. Nikamwambia kwamba nimekuja kuomba mstari wa mzizi kwa mara ya mwisho, na kwamba akikataa nitairudisha mashine Machakos na kuwafungulia lango watu wa vyuma mimi mwenyewe. 

"Mwaitu," akaanza, "mtu hapei mamake..."

"Wacha hiyo!" Mkewe alikuwa ametokea mlangoni na mwiko. "Wewe mamako alifanya kazi kwa hii shamba hadi siku alikufa. Ni wewe ulikuwa unamtuma. Juzi umeweka mkono kwa uji ukidhani ni kikombe cha maji. Hiyo kioo utaisoma na nini?"

 Kuku mmoja alipita katikati yetu. Mwalimu alikunja ile leso yangu vipande vidogo vidogo, akainyoosha, akaikunja tena. Nilifikiri amekasirika.

"Chomeka," akasema.

Tuliingia sebuleni, nikaunganisha mashine na kioo cha kompyuta yake ya zamani. Feni ilianza kulia, naye akatabasamu kama mtu aliyesikia sauti ya jirani. Aliweka vidole kwenye kibodi, akapapasa hadi akapata vile vinundu viwili vidogo vya katikati, akaandika nenosiri bila kukosea herufi. Faili likafunguka. Nilikuwa nimeliona mara nyingi kwa mbali, juu ya bega lake. Sasa kiti kilikuwa changu na bega halikuwepo.

"Enda mstari wa mzizi," akasema. "Toa jina langu. Halafu jenga."

Vidole vyangu vilisimama. "Mwalimu, tukilitoa kabla ya kuweka lingine, tumefunga mlango na funguo zimebaki ndani. Hakuna atakayeingia tena."

 "Nilikuwa nakujaribu," akasema.

Hadi leo sijui kama alikuwa akinijaribu au alikuwa amesahau, na sikutaka kujua.

"Basi weka lako kwanza."

Nikaandika mwaitu kando ya jina lake, kwa alama za kufungua na kufunga semi. Akauliza kama nimeacha nafasi kati ya majina, nikamwambia nimeacha. Akaniambia nijenge. Mashine ikaanza kusoma, mistari ikapanda kiooni, naye akawa ameinamisha kichwa akisikiliza feni, maana alijua kwa mlio wake imefika wapi. Ilipotulia, aliuliza, "Imesema nini?"

"Imemaliza. Hakuna kosa."

"Sasa toa langu."

"Si lazima, Mwalimu. Mstari una nafasi. Unabeba majina hata mia."

"Najua," akasema. "Imekuwa na nafasi siku zote."

Hilo lilinichoma. Miaka yote ile ya ufagio, na yeye akijua. Nilitaka kumwambia kitu kikali, nikamwangalia, mzee aliyevaa sweta nyuma mbele akielekeza macho yake kando kidogo ya pale nilipokuwa, na hasira ikakosa pa kukaa. Mkewe alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe na hakuinua kichwa.

"Toa, Mwaitu. Mtu akiwa hawezi kusoma faili hafai kuwa ndani yake."

Nikalitoa. Lilikuwa jina fupi, nikabonyeza mara chache likaisha. Nikajenga. Feni ikapanda, ikashuka.

"Niachie kibodi," akasema.

Nikasogea. Alipapasa tena vile vinundu viwili, akaandika jina lake polepole, kisha nenosiri lake, lile ambalo hakumpa mtu yeyote, akabonyeza kitufe cha mwisho kwa nguvu kama ilivyokuwa desturi yake. Akangoja.

"Imesema nini?"

"Imesema haikujui, Mwalimu."

"Imesema mara moja, ama imefikiria kidogo?"

 "Mara moja," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akakaa akiwa ameweka mikono juu ya kibodi.

"Basi inafanya kazi," akasema, na akaisukuma kibodi kuelekea kwangu.